Kipimo Kabla ya Katazo: Ulaji wa Kila Siku na Udhibiti wa Kisukari cha Aina ya Pili katika Mitaa ya Pembezoni mwa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, anayeishi katika wilaya za Kinondoni na Temeke, anavyoweza kudhibiti kiwango cha sukari katika damu kwa kutumia vyakula vilevile vinavyopikwa nyumbani kwake na kuuzwa mtaani kwake. Hoja kuu ni kwamba ushauri wa makatazo hushindwa mara nyingi kwa sababu hugusa aina ya chakula na kuacha kiasi chake. Makala yanaonesha kwa hesabu nyepesi kwamba sehemu kubwa ya mzigo wa sukari hutoka katika ugali, wali na chapati, kisha yanapendekeza vipimo vinavyoweza kufuatwa na kaya yenye sufuria moja na kipato kidogo.

1.0 Utangulizi

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Kati ya hao, 1,346,674 walihesabiwa katika Wilaya ya Temeke na 982,328 katika Wilaya ya Kinondoni. Ndani ya wilaya hizo mbili mna mitaa ya zamani iliyosongamana, kama vile Tandale, Keko na Mtoni, na mna makazi yanayoendelea kutanuka kuelekea Bunju, Mabwepande, Mbagala na Chamazi. Mkazi wa makazi hayo ya mbali anayefanya shughuli zake Kariakoo au Posta huondoka nyumbani alfajiri, hunywa chai kibandani, hula mchana kwa mama lishe, na hurudi usiku akiwa na njaa. Mpangilio huo wa siku ndio unaoamua anakula nini, saa ngapi na kiasi gani.

Mtu huyo anapogundulika kuwa na kisukari, jambo la kwanza analoambiwa aghalabu ni orodha ya vitu vya kuacha: sukari, soda, wali, ugali wa sembe, chapati, viazi, mihogo, vyakula vya mafuta. Orodha hiyo ina nia njema, lakini inamwachia chakula kidogo sana anachokimudu. Akifika nyumbani anakuta jiko moja, sufuria moja na watu watano au sita wanaosubiri chakula kilekile. Hapo hutokea moja kati ya mambo matatu. Kuna anayejitahidi kwa majuma machache kisha akaacha kila kitu, hata kliniki, kwa kuona aibu ya kuulizwa. Kuna anayepunguza chakula kupita kiasi huku akiendelea kumeza dawa, na sukari yake ikashuka hadi akaanguka. Na kuna anayehamia kwenye chakula kimoja alichoambiwa ni salama, kwa mfano ugali wa dona, akakila bila kipimo na kushangaa kwa nini hali haibadiliki.

Madhara ya kushindwa huko ni makubwa. Sukari inayobaki juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya macho na figo, huua hisia za nyayo, na huongeza hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Kidonda cha mguu kisichosikika maumivu huweza kuishia katika kukatwa kiungo. Kwa kaya inayotegemea mshahara wa mtu mmoja au biashara ya genge, tukio kama hilo huangusha nyumba nzima. Kwa sababu hiyo, swali la mgonjwa ale nini linastahili jibu linalotekelezeka.

2.0 Kisukari na Maisha ya Mjini

Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Donald McLarty katika vijiji sita vya Tanzania. Watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea walipimwa, na waliokutwa na kisukari walikuwa karibu asilimia 1 tu. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000 na Terry Aspray na wenzake, ulilinganisha kijiji kimoja cha Mkoa wa Kilimanjaro na eneo moja la Dar es Salaam. Kijijini, kisukari kilikuwa asilimia 1.7 kwa wanaume na 1.1 kwa wanawake. Mjini kilikuwa asilimia 5.9 na 5.7. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikadiria kwamba watu takriban 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Tafiti hizi zilifanywa katika jamii tofauti, hivyo tarakimu zake hazipaswi kusomwa kama mstari mmoja ulionyooka. Hata hivyo, zote zinaelekeza upande mmoja: maisha ya mjini yanaambatana na ongezeko la ugonjwa huu.

Sababu za ongezeko hilo zilionekana kwa karibu zaidi katika utafiti wa Nigel Unwin na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ambao uliwafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro na kuja Dar es Salaam. Katika miezi 12 wastani wa uzito wao, wanaume kwa wanawake, uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2, na idadi ya waliofanya kazi nzito za mwili ilipungua sana.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mada yetu. Ugali haukuanzia mjini. Mtu aliyelima kutwa nzima na kuchota maji kwa miguu alikula rundo la ugali na misuli yake ikautumia. Mtu huyohuyo akikaa dukani, kwenye cherehani au ndani ya daladala kwa saa nyingi, huku sahani yake ikibaki na ukubwa uleule wa shambani, anakula chakula cha kazi ambayo haifanyi tena. Mahindi yakikobolewa hadi kuwa sembe, na pembeni yakaongezwa mafuta mengi na kinywaji chenye sukari, pengo kati ya kinacholiwa na kinachotumika huwa kubwa zaidi.

3.0 Jina la Ugonjwa na Uelewa wa Mgonjwa

Neno kisukari, na hata jina lake la mtaani, ugonjwa wa sukari, limerahisisha mawasiliano lakini limejenga pia dhana yenye kasoro. Msikilizaji huelewa kwamba adui ni sukari ya kopo. Anapoacha kuweka sukari kwenye chai huamini kwamba amekwisha kufuata masharti. Vivyo hivyo, kauli zinazosikika mara kwa mara kuhusu sukari ya kupanda na sukari ya kushuka huwafanya watu wadhani kwamba hayo ni magonjwa mawili. Kwa hakika ni hali mbili zinazoweza kumpata mgonjwa mmoja katika siku moja, kutegemea amekula nini, amemeza dawa gani na amefanya kazi kiasi gani.

Ili kusahihisha dhana hiyo ni lazima kueleza kinachotokea mwilini. Wanga, uwe wa mahindi, mchele, ngano, muhogo, ndizi au viazi, umeundwa kwa minyororo ya glukosi. Mate na utumbo huikata minyororo hiyo, na glukosi huingia katika damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo huziwezesha seli za misuli na mafuta kuipokea glukosi hiyo na kuliamuru ini lipunguze kutengeneza nyingine. Katika kisukari cha aina ya pili seli huwa nzito kuitikia insulini, na kongosho, baada ya miaka ya kufanya kazi ya ziada, huanza kuchoka. Kwa hiyo glukosi hubaki katika damu. Ini nalo huendelea kumwaga sukari usiku, ndiyo maana mgonjwa anaweza kuamka na kipimo cha juu ingawa hajala kitu tangu jioni.

Damu haina namna ya kutambua kwamba glukosi hii imetoka kwenye kijiko cha sukari na ile kwenye tonge la ugali. Tofauti iliyopo ni ya kasi na wingi. Sukari iliyo katika kinywaji huingia haraka mno. Wanga ulioambatana na nyuzinyuzi, protini na mafuta kiasi huingia polepole. Lakini wanga mwingi unaoingia polepole bado ni mwingi, na ni lazima upate pa kwenda.

4.0 Hesabu ya Robo Kilo

Waswahili walipima nafaka kwa kibaba na pishi muda mrefu kabla ya mizani ya dukani kuenea, na methali isemayo haba na haba hujaza kibaba imebaki hai hata baada ya kibaba chenyewe kuadimika. Siku hizi mkazi wa Tandika au Mwananyamala hununua unga na mchele kwa kilo, nusu na robo. Vipimo hivyo vinatosha kabisa kwa hesabu tunayoihitaji.

Unga mkavu wa mahindi una wanga takriban gramu 75 katika kila gramu 100. Unga wa ngano haupishani sana na huo, na mchele mkavu unakaribia gramu 80. Tuchukue kaya ya watu watano inayosonga ugali wa kilo moja kwa chakula cha usiku. Wakigawana sawa, kila mmoja atapata ugali uliotokana na gramu 200 za unga, yaani wanga wa gramu 150. Linganisha na chai: kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4 hadi 5, hivyo vijiko viwili ni gramu 8 hadi 10. Mgonjwa aliyeacha sukari kwenye kikombe kimoja cha chai lakini akabaki na sahani hiyo ya ugali amepunguza sehemu ndogo sana ya mzigo wake.

Chapati nazo huhesabika kwa njia hiyohiyo. Ikiwa kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati 15, kila chapati ina unga wa gramu 67 na wanga wa gramu 50 hivi, mbali na mafuta. Chapati mbili za asubuhi, kwa hiyo, ni gramu 100. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hadi 40, sawa na vijiko vidogo 8 hivi, na kwa kuwa ni kimiminika hupandisha sukari kwa kasi kuliko chapati. Hivyo soda na juisi zilizotiwa sukari zinabaki kuwa jambo la kwanza la kuachwa. Katazo hili lina msingi wa hesabu na halimgharimu mgonjwa chochote.

Tuseme sasa kwamba mgonjwa katika kaya ile anapunguza sehemu yake kutoka unga wa gramu 200 hadi gramu 80. Ugali wa gramu 80 za unga hukaribia ukubwa wa ngumi ya mtu mzima na una wanga wa gramu 60. Amepunguza gramu 90 za wanga kwa mlo mmoja bila kuacha ugali. Unga uliookolewa ni gramu 120 kila usiku. Kwa juma moja ni gramu 840, karibu kilo nzima. Fedha ya unga huo ikielekezwa kwenye mafungu ya matembele, kipimo cha dagaa au nusu ya maharage, mgonjwa atashiba kwa njia nyingine na kaya nzima itakula vizuri zaidi. Hapo ndipo penye jibu la malalamiko kwamba mlo wa mgonjwa wa kisukari ni wa matajiri. Vyakula maalumu vyenye maandishi ya kuvutia kwenye pakiti ni ghali. Kupunguza unga na kuongeza mboga si ghali.

Kupunguza kiasi kuna faida ya pili, nayo ni uzito. Utafiti wa DiRECT uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba karibu nusu ya waliopewa mpango maalumu wa kupunguza uzito walirudi katika viwango visivyo vya kisukari baada ya mwaka mmoja bila dawa za kushusha sukari. Washiriki hao walikuwa na uzito mkubwa, hawakuwa wanatumia insulini, walikuwa wamegundulika katika kipindi kisichozidi miaka sita, na walikuwa chini ya uangalizi wa wataalamu. Kwa hiyo mtu asiige mpango huo peke yake, wala mgonjwa mwembamba asidhani unamhusu. Funzo lake ni kwamba kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo inayopungua kwa njia salama huwa na maana.

5.0 Sahani, Kibanda na Sinia

5.1 Mgawanyo wa sahani

Kanuni inayotumiwa na washauri wa lishe wengi ni kuigawa sahani kwa macho. Nusu iwe mboga zisizo na wanga mwingi: mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, bamia, bilinganya, nyanya chungu, kabichi, kachumbari. Robo iwe protini: dagaa, samaki, yai, kuku, nyama isiyo na mafuta mengi, au jamii ya kunde. Robo iliyobaki iwe wanga: ugali, wali, ndizi, muhogo au kiazi. Maharage, kunde, choroko na mbaazi yana wanga pia, lakini nyuzinyuzi na protini zake hufanya sukari ipande polepole. Mtu akipakua maharage mengi, apunguze wali.

Kanuni hii ni rahisi kuisema kuliko kuifuata, kwa kuwa sahani ya kawaida ya mjini imepangwa kinyume chake: ugali ndio mlima, na mboga ni kijiko kimoja pembeni cha kulainishia tonge. Uchunguzi wa kitaifa uliotajwa hapo juu ulibaini kwamba zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi hawakufikia kiasi kilichopendekezwa cha mboga na matunda kwa siku. Hatua ya kwanza, basi, ni kuzidisha mboga mara mbili kabla hata ya kugusa ugali. Ni vema pia kuanza kula mboga na kitoweo, kisha wanga ukafuata, kwani mpangilio huo husaidia kupunguza kasi ya kupanda kwa sukari.

5.2 Asubuhi na mchana

Chai ya kibandani kwa kawaida huandamana na maandazi, vitumbua, chapati au mihogo ya kukaanga, vyote vikiwa wanga na mafuta. Anayekula hapo anaweza kuchagua chapati moja na bakuli la maharage badala ya chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari; au kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha na yai. Supu inafaa ikiwa mafuta ya juu yameenguliwa, chumvi haikuzidi, na chapati ni moja. Uji mwepesi uliotiwa sukari hupandisha sukari upesi hata kama unga wake ni wa ulezi.

Mchana, mama lishe hupakua wali kwa kuonesha ukarimu. Mteja wa kila siku ana nafasi nzuri ya kuzungumza naye: wali nusu, maharage yajae, mboga za majani ziongezwe. Kwa mteja anayefahamika ombi hilo halina ugumu, na mara nyingi halibadilishi bei. Chipsi ni viazi vilivyofyonza mafuta. Mwenye kuzila kwa nadra achukue kidogo pamoja na kachumbari na mishkaki, na asizifanye kuwa chakula cha kila jioni kwa sababu tu zinapatikana kituoni anaposhuka.

5.3 Usiku na sinia la familia

Katika kaya nyingi mlo mkubwa ni wa usiku, na baada yake watu hulala. Kama mazingira yanaruhusu, ni bora sehemu kubwa ya wanga iliwe mchana mtu anapokuwa katika shughuli, na ya usiku iwe ndogo. Dakika 15 za kutembea baada ya kula, au hata kuosha vyombo na kupanga nyumba, huifanya misuli ifyonze glukosi bila kuhitaji insulini nyingi. Anayeshuka daladala vituo viwili kabla ya kwake anapata mazoezi yasiyo na ada.

Kula katika sinia moja ni desturi yenye thamani, lakini inaficha kipimo: hakuna ajuaye amekula matonge mangapi. Mgonjwa anaweza kupakuliwa sehemu yake ya ugali au wali pembeni, kisha akaketi mkekani pamoja na wenzake na kuchangia mboga na kitoweo cha pamoja. Jambo hili linahitaji kuelezwa vizuri kwa wanafamilia, kwa kuwa kutengewa chakula huweza kudhaniwa kuwa ni kutengwa. Bora zaidi ni kaya yote kuongeza mboga, kwani watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa huohuo.

Harusini na msibani pilau haikwepeki, na kukataa chakula cha watu huonekana kama dharau. Mgonjwa apokee, ale kiasi cha ngumi moja pamoja na kachumbari na nyama, na anywe maji. Mlo mmoja wa shughuli hauharibu mwezi mzima; kinachoharibu ni kuuacha mpango wote kwa kudhani kwamba umekwisha kuvunjika.

6.0 Imani Zinazohitaji Kusahihishwa

Imani ya kwanza inahusu dona. Dona lina nyuzinyuzi, kiini na virutubisho ambavyo sembe limepoteza, hivyo ni chaguo bora. Lakini wanga wake unakaribiana na wa sembe. Ugali mkubwa wa dona utapandisha sukari kuliko ugali mdogo wa sembe. Hali ni hiyohiyo kwa ulezi, mtama na unga wowote unaouzwa kwa jina la lishe.

Imani ya pili ni kwamba asali na sukari guru si sukari. Zote ni sukari, na huhesabiwa kama sukari. Ya tatu ni kwamba matunda yanaliwa bila mpaka kwa kuwa ni ya asili. Chungwa moja, kipande cha papai au nusu ya embe kubwa ni sehemu nzuri ya mlo. Glasi ya juisi ya miwa au ya embe ni jambo jingine, maana nyuzinyuzi zimeachwa kwenye mashine na sukari ya matunda kadhaa imeingia katika glasi moja.

Imani ya nne ni kwamba kitu kichungu huondoa utamu wa damu. Nyanya chungu na mnafu ni mboga nzuri kwa sababu zina wanga kidogo, wala uchungu wake haufuti ugali uliokwisha kuliwa. Mtu asiache dawa za hospitali kwa ahadi ya mizizi au unga wa majani unaouzwa kituoni. Akitumia chochote cha aina hiyo, amweleze daktari wake.

Lazima pia kutaja chumvi na mafuta. Wagonjwa wengi wa kisukari wana shinikizo la juu la damu, na hali hizo mbili kwa pamoja huharibu figo haraka. Chumvi ya kuongeza mezani, viungo vya pakiti vyenye chumvi nyingi na mafuta yaliyotumiwa kukaangia mara nyingi havifai. Tui la nazi lililo zito litumike kwa kiasi.

7.0 Dawa, Njaa na Mfungo

Ulaji na dawa havitenganishwi. Metformini, inapotumiwa peke yake, kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Glibenklamidi na dawa za kundi lake, pamoja na insulini, zinaweza kufanya hivyo, hasa mtu akimeza dawa kisha akakosa chakula kwa sababu ya foleni, kazi au ukata. Kutetemeka, jasho jembamba, mapigo ya moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili za kushuka huko. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au dalili zikitokea na hakuna kipimo, mgonjwa anywe maji yenye vijiko vidogo vitatu vya sukari, asubiri dakika 15, apime tena au ajichunguze, kisha ale. Hapa sukari ni tiba, na kila anayeishi na mgonjwa anapaswa kulijua hilo. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja. Mwenye kuanza kupunguza wanga kwa kiwango tulichoeleza amwarifu daktari mapema, kwani huenda dozi ikahitaji kupunguzwa.

Katika mwezi wa Ramadhani suala hili huwa zito zaidi. Mgonjwa anayetaka kufunga aonane na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu baadhi ya wagonjwa, wakiwamo wenye figo zilizoathirika na wanaoshukiwa sukari mara kwa mara, wako katika hatari kubwa. Kupima sukari wakati wa saumu ni jambo la lazima kitabibu. Kipimo kikishuka chini ya milimoli 3.9 au kikipanda juu ya 16.6, saumu ikatishwe. Futari nayo ina mtego wake: mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi na tambi huweza kukutana mezani pamoja na uji, tende na kaimati. Mgonjwa achague aina moja ya wanga, tende moja au mbili, kisha samaki au maharage na mboga. Daku iliwe karibu na alfajiri, wala isirukwe.

8.0 Hitimisho

Miili haifanani, na chakula kimoja hakipandishi sukari sawa kwa watu wote. Mwenye glukomita anaweza kujifunza mengi kwa vijiti vichache: apime kabla ya mlo mmoja aliouchagua na tena saa mbili baadaye, aandike alichokula na kiasi chake, kisha juma linalofuata arudie mlo uleule kwa nusu ya wanga. Kwa watu wazima wengi lengo ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baada ya kuanza kula, ingawa daktari anaweza kuweka lengo tofauti kwa mzee au mwenye maradhi mengine. Daftari la namna hiyo lina manufaa kliniki kuliko jibu la jumla kwamba mgonjwa anafuata masharti.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, mshauri wa afya aanze kwa kuuliza ni unga kiasi gani unaosongwa, kwa watu wangapi, na nani anayepakua. Majibu hayo yatampa hesabu ya kufanyia kazi pamoja na mgonjwa. Pili, mwanafamilia anayepika aalikwe kliniki, kwa maana ndiye anayeshika mwiko. Tatu, elimu ya kisukari itolewe kwa Kiswahili chenye vipimo vinavyojulikana, yaani robo kilo, ngumi, kijiko na fungu, ili msikilizaji aweze kuipeleka moja kwa moja jikoni. Mgonjwa wa Chamazi au Tandale akijua kwamba ugali wa ngumi moja bado ni wake, atakuwa na sababu ya kurudi kliniki mwezi unaofuata.